Gari Lenye Mlango Puani

Siku ya kuniaga pale karakana mlisema maneno mengi mazuri, mengine ya uongo, nami nikayapokea yote kwa sababu pilau lilikuwa limeshaiva. Halafu Masunga akanivuta pembeni akasema, "Mama, hayo ya hotuba tumeyasikia. Tuandikie ya kazi." Nina wiki tatu sasa nyumbani nikihangaika na kuku, na nimegundua kuku hawahitaji fundi. Kwa hiyo naandika. Vyeo na madaraja sitagusa, yako kwenye faili, anayetaka akasome. Nitaandika zaidi juu ya gari moja dogo ambalo ninyi mmelijua uzeeni mwake tu, na kila mkilitaja mnacheka.

Nilianza kazi Bariadi nikiwa na miaka ishirini na mmoja, mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na wawili. Siku ya kwanza hakuna aliyenipa spana. Mzee Ng'wandu, aliyekuwa mkuu wa mafundi, alinipa debe la mafuta ya taa na gunia la boliti zenye kutu, akasema, "Osha, halafu panga kwa ukubwa." Nikaosha siku nne mpaka vidole vikachubuka. Siku ya tano alinifunga macho kwa kitambaa, akaniwekea boliti moja kiganjani. "Spana namba ngapi?" Nikasema kumi na tatu. "Na hii?" Kumi na saba. Akanifungua macho akasema, "Kachukue ovaroli." Ovaroli yenyewe ingetosha watu wawili. Wenzangu wakaambiana kwamba binti huyu hafikishi mavuno ya pamba. Wote waliosema hivyo, mimi ndiye niliyechangia keki ya kuwaaga.

Mzee Ng'wandu alikuwa na sheria chache na kila moja ilikuwa na sababu yake. Nati iliyofunguliwa inakaa kwenye kopo, haikai chini. Gari la mtu usiliseme vibaya mbele yake. Na jioni, gari ikilala, pua ukutani. Hiyo ya mwisho ilitokana na wizi wa betri. Ukiegesha gari boneti ikagusa ukuta, mwizi hana namna ya kuifungua, labda abomoe jengo. Jioni yadi yetu ilikuwa kama zizi ambalo ng'ombe wote wameinamia hori. Niliishika sheria ile mpaka ikahamia mikononi, nikawa naegesha hivyo hata mbele ya duka la chumvi.

Mwaka wangu wa pili ndipo lilipoletwa lile gari. Mwenyewe alikuwa Mwalimu Masalu, kijana bado wakati ule, akifundisha shule ya msingi upande wa Lagangabilili. Alikuwa amemfundisha Kisukuma daktari mmoja wa misheni, na daktari alipomaliza muda wake na kurudi kwao, akamwachia gari lake kama ahsante. Sisi tulizoea malori ya pamba. Hiki kilikuwa kitu cha mviringo, rangi ya maziwa, chenye magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, na urefu wake ulinizidi mimi kwa hatua moja tu kama ningelala chini. Watu walishaliita Yai kabla halijafika hata sokoni. Ubavuni halikuwa na mlango. Mafundi walilizunguka mara mbili wakitafuta pa kuingilia. Mwalimu akapita mbele, akashika kitasa, na uso mzima wa gari ukafunguka kama mlango wa kabati, usukani nao ukaondoka na mlango. Ndani mlikuwa na benchi moja la watu wawili, basi.

"Injini imebaki kwa daktari?" Mzee Ng'wandu aliuliza.

Injini ilikuwa nyuma, imejificha ubavuni, ya silinda moja, ya aina ile ya zamani ambayo petroli yake lazima uichanganye na oili kabla ya kuijaza. Rivasi ilikuwa imekatika meno, na spea ya rivasi ile tusingeipata hata kwa ndoto. Mzee alijaribu kuingiza mkono, ukakwama kwenye kiwiko. Akaniita. Wangu ukapita. "Basi Minza, hii ni yako," akasema. Ndivyo nilivyopata gari la kwanza la kutengeneza peke yangu, kwa wembamba wa mkono.

Nililipenda tangu siku hiyo, na sioni sababu ya kuficha. Lori likipita watu wanasogea pembeni na kufunika pua. Yai likipita watu walitabasamu, hata wale ambao sura zao zilishasahau kazi hiyo. Ukiwa ndani unaiona barabara ikija mpaka magotini pako, na hakuna anayeweza kukaa mle akajiona mkubwa. Halafu kulikuwa na lile benchi. Siku moja mkewe Mwalimu, Mama Limi, alinieleza wakati nikikaza breki. "Nilikuwa nimeolewa miaka mitatu," alisema, "na tukiwa safarini nilikuwa najua mgongo wake tu. Tukitembea yuko mbele. Kwenye baiskeli niko nyuma. Humu ndimo nilimojua kwamba akiendesha anaimba." Mwalimu alikuwa amesimama karibu, akajifanya anakagua tairi.

Lakini benchi hilo hilo lilikuwa na kasoro ambayo walioliunda huko kwao hawakuifikiria. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakai kiti kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anachepuka. Si ugomvi, ni heshima, na wazee wa wakati ule hawakuwa na mzaha nayo. Sasa mama mkwe wake Mwalimu akavimba mguu, hawezi kukanyaga. Mwalimu akaja karakana kwa baiskeli, jasho linamtoka. "Fundi, mayu anaumwa. Gari iko nyumbani na mafuta iko nayo. Mimi siwezi kukaa naye, na mke wangu hajui kuendesha." Mzee Ng'wandu akaniangalia, akanionyesha mlango kwa kichwa. Nikaenda.

Nilimpakia mama yule, khanga amejifunika mpaka usoni, Mwalimu akitufuata mbali kwa baiskeli. Njia nzima alisema neno moja tu: "Huyu mkwe wangu amepewa gari la kumkimbia mkwe." Tukafika hospitali. Nikaona ukuta mzuri wenye kivuli, na mikono yangu ikafanya ilichofundishwa. Nikaegesha pua ukutani, taratibu, mpaka gari likagusa. Nikazima. Nikashika kitasa.

Mlango ulifunguka upana wa kidole. Rivasi haipo. Paa la turubai, ambalo ndilo lilikuwa la kutokea siku ya hatari, Mwalimu alikuwa ameshalipigilia bati kwa ajili ya mvua. Nikakaa pale na mgonjwa wangu, tukiutazama ukuta. Wauguzi wakakusanyika. Mmoja akauliza kwa upole kama tunahitaji tuletewe dawa kupitia dirishani.

Mwalimu alipofika, aliona yote mara moja. Gari lilitakiwa kuvutwa nyuma, na kule nyuma kuna kioo, na kupitia kioo yuko mama mkwe. Watu wakamwambia asubiri waje vijana. Hakusubiri. Aligeuka akatupa mgongo, akachuchumaa, akashika bampa kwa mikono ya nyuma, akaanza kutembea kwenda mbele kama maksai. Mle ndani mama hakugeuza shingo hata kidogo, macho ukutani. Gari likatoka. Nilipofungua mlango, Mwalimu alikuwa ameshapotelea nyuma ya jengo. Mama akaniambia, "Mwambie wabeja. Mwambie nimeona alivyolelewa." Nilifikisha shukrani zake, na Mwalimu akanywa maji vikombe viwili ndipo akajibu. Mzee Ng'wandu aliposikia habari ile aliongeza maneno kwenye sheria yake: pua ukutani, isipokuwa mlango ukiwa puani.

Miaka ikaenda. Spea za Yai zikaisha kabisa, tukawa tunatengeneza zetu. Kebo ya klachi tulitoa kwenye baiskeli. Raba za breki nilichonga kutoka kwenye tairi la trekta. Mwisho plagi, kabureta na uzee wa gari vikashindwana, Mwalimu akaliingiza kwenye ghala lake la pamba na kulifunika. Mzee Ng'wandu tulimzika. Nikaingia mimi kwenye kile kiti chake kibovu, mkaja ninyi na simu zenu. Ni ninyi mlionionyesha picha za magari kama lile, huko nje, yamepigwa rangi na kuwekwa juu ya zulia, watu wanapanga foleni kuyaangalia. Mlisema, "Mama, kumbe ulikuwa na hazina." Mimi niliona kwenye picha zile kwamba viti havijachakaa hata kidogo, nikayahurumia.

Mwaka jana, nikiwa nimebakiwa na miezi mitatu ya kazi, Mwalimu Masalu aliingia karakana na fimbo. Nilimkalisha, tukasalimiana, "Mwangaluka, Mwalimu," "Mwangaluka, mayu," mpaka tukamaliza za watoto na za mvua. Ndipo akasema kilichomleta.

Mama Limi alikuwa amevunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini vibaya, na mguu haupandi tena. Bodaboda hawezi kutanua miguu. Bajaji walimjaribisha, wakampindua ili apite ubavuni, akalia mpaka dereva naye akalia. Gari la jirani liko juu mno. Kwa miaka miwili hakuwa amevuka ua wa nyumbani kwake. "Kanisani amesamehe," Mwalimu alisema. "Sokoni amesamehe. Lakini kutomwona dada yake, hilo hajalisamehe."

Dada yake, Mbuke, aliishi kijiji cha tatu kutoka pale. Ndiye aliyemlea Mama Limi mgongoni, mama yao akiwa shambani. Sasa macho yake yalikuwa yameshakufa, kichwa kilimzunguka akitoka nje ya ua wake, na masikio yalikuwa yamebaki na nguvu kidogo sana. Simu ilikuwa haisaidii. Unapiga kelele mpaka majirani wanaitika, yeye anauliza, "Nani?" Na miezi ile alikuwa ameanza kukataa chakula.

"Nimekaa nikafikiri," Mwalimu akasema. "Yai inafunguka mbele. Mtu anageuka, anakaa kama kwenye kigoda, unamzungusha miguu. Hakuna gari nyingine inayofunguka hivyo. Fundi, nakuomba. Wasije wakaagana kwa kuambiwa."

Nilimjibu kwamba litatembea. Fundi hatakiwi kujibu hivyo kabla hajafungua injini, na mimi mwenyewe nimewagombeza kwa kosa hilo. Nilijibu tu.

Mnakumbuka tulivyolishusha kwenye lori. Panya walikuwa wamezaa vizazi kadhaa chini ya benchi. Rimu zilikuwa zimeliwa na kutu, tukakata za bajaji na kuziunga kwenye bakuli za katikati za zamani. Kioo cha mbele kilishakuwa cha njano, tukapinda plastiki ngumu ya watu wa mabango kwa mvuke wa sufuria. Nilifanya kazi ile baada ya saa za kazi, na sikuwaomba, lakini jioni ya pili Masunga alibaki, na ya tatu mlibaki wote. Pistoni niliichonga wiki nzima kwenye mashine. Siku injini ilipowaka, ule mlio wake wa tu-tu-tu uliponijia baada ya miaka yote ile, nilitamani Mzee Ng'wandu awepo.

Nikasema twende nalo tukalizungushe. Likaishiwa petroli njiani. Nikamtuma mtu akaleta chupa mbili pale kwenye kijiwe cha bodaboda, nikamimina, tukaendelea. Baada ya muda mfupi injini ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa, ikajamu, tairi la nyuma likaburuta.

Nilijua kabla halijasimama. Sikuchanganya oili. Mimi, niliyewahi kulipimia lile gari oili kwa kopo la maziwa kila Jumamosi, nilisahau kwa sababu miaka yote hii mikono yangu ilikuwa imezoea pikipiki zenu zisizochanganywa. Silinda ilikuwa imechanika toka juu mpaka chini. Mlilisukuma mpaka karakana kama vile limepata pancha tu, na hiyo ndiyo adabu kubwa mliyowahi kunionyesha. Nilienda chooni nikakaa huko kwa muda. Watu walidhani naosha mikono, kumbe nalia.

Asubuhi yake mlinikuta nimeshafunga kisanduku changu cha spana. Masunga akaja akakikalia. "Mama," akasema, "gurudumu la nyuma ni moja. Na la nyuma la pikipiki ni moja. Si tuweke injini ya bodaboda, na cheni yake?"

"Litakuwa siyo lenyewe," nikasema.

"Itakuwa inatembea," akasema.

Niliona aibu kwamba sikulifikiria mimi, nikaona fahari kwamba amelifikiria yeye. Lakini nilitaka wenye gari waambiwe kwanza. Kwa hao watu wanaopanga foleni kwenye zulia, Yai bila injini yake ni ganda. Nikaenda Lagangabilili mwenyewe. Mama Limi alikuwa amekaa mlangoni kwake kwenye kiti cha mto, anachambua choroko. Nikawaeleza kosa langu bila kulipunguza. Mwalimu aliinamisha kichwa, maana alikuwa ameishika ile injini miaka mingi kuliko mimi. Nikasema tunaweza kuweka nyingine, ila mlio hautakuwa ule, wala moyo wa gari hautakuwa ule.

Mama Limi akapuliza maganda kwenye ungo. "Nyonga yangu nayo siyo ile," akasema. "Mbona mnanipeleka?"

Tukafunga injini ya bodaboda, tukaenda siku ya Alhamisi, asubuhi, zikiwa zimebaki siku tisa za kazi yangu. Mwalimu alifungua ule mlango. Mama Limi akageuka, akashika bega langu na la Masunga, akajishusha. Nilimwangalia usoni nikisubiri akunje sura. Hakukunja. Tukamzungushia miguu ndani, Mwalimu akapanda, akafunga. Mimi na Masunga tukafuata kwa pikipiki. Watoto wa njiani walikimbia sambamba, watu wazima wakaacha majembe wakacheka, na Mama Limi alikuwa akiwapungia mkono kama mtu wa serikali. Nilipokaribia dirisha nilisikia Mwalimu akiimba.

Mbuke alitolewa nje na mke wa mjukuu wake, akiongozwa kwa mkono, mwembamba kuliko alivyosimuliwa. Uwanja mzima ulikuwa umejaa watu waliolifuata gari, na upepo, na kuku, na kila mtu anasalimia. Mama Limi akiwa bado ameketi, mlango uko wazi, akanyoosha mikono akaita, "Dada."

"Nani?"

"Ni mimi, dada. Ni mimi."

"Nani?" Mbuke akauliza, uso ameugeuzia upande ambao hapakuwa na mtu.

Akaita tena, kwa nguvu zake zote. Watu wakasaidia kupiga kelele, ikawa vibaya zaidi, bibi wa watu akaanza kutetemeka na kutaka kurudishwa ndani. Nilimwona Mama Limi akilegea. Nikafikiri, kazi yote hii, halafu hivi.

Mama Limi akashusha mikono. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu, toka humu. Mleteni akae."

Mwalimu akatoka upesi. Mimi na Masunga tukamgeuza Mbuke taratibu, tukamkalisha, naye alikuwa akipapasa benchi na paa na kile kioo, akiuliza ni nyumba ya nani hii. Nikafunga mlango. Kelele zote zikabaki kwetu nje.

Kupitia plastiki ile ya mabango nilimwona Mama Limi ameinama, mdomo umegusa sikio la dada yake. Sikusikia alichosema. Niliona tu Mbuke akiinua mkono, akiupitisha kwenye uso wa mdogo wake kuanzia paji mpaka kidevuni, na kuurudia tena. Kisha akacheka. Mke wa mjukuu wake akashika mdomo. Alisema ana mwaka hajamsikia bibi akicheka.

Tulikaa kwenye vigoda chini ya ukingo wa nyumba. Tukaletewa uji, tukanywa. Ukapelekwa na kwao kupitia dirishani, kikombe kikarudi kitupu. Watu waliokuja kushangaa gari walichoka mmoja mmoja wakarudi mashambani. Wale wawili walikuwa hawachoki. Waliongea wakapokezana, sikio kwa mdomo, mdomo kwa sikio. Mara wanacheka, mara mmoja anamfuta mwenzake machozi, halafu wanaanza tena.

Saa kumi Mwalimu akatazama jua, akainuka na fimbo yake, akaenda mpaka puani mwa gari. Akashika kitasa. Mle ndani Mama Limi, bila kukatiza alichokuwa akisema, bila hata kumtazama, akaweka kiganja chake kwenye kioo, kimefunguka.

Mwalimu akaachia kitasa. Akarudi kwenye kigoda chake, akalaza fimbo chini, akavua viatu.

"Ninyi tangulieni," akatuambia. "Sisi leo tumefika."